Nani Ameondoa, Nani Ameongeza? Hati za Kigiriki na Biblia za Kiingereza

Anayesoma Mathayo sura ya 17 katika tafsiri ya Kiingereza ya NIV hufika mstari wa 20, kisha hujikuta kwenye wa 22. Wa 21 haumo. Akifungua King James, iliyotoka mwaka 1611, anaukuta umekaa mahali pake: namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga. Kwa makanisa yetu, ambayo hutangaza mfungo kwa mstari huo huo, hilo si jambo la kupita kimya. Ndipo huja ile shutuma inayozunguka kwenye simu za waumini kutoka Nairobi hadi Mbeya: tafsiri mpya zinalipunguza Neno la Mungu. Orodha huambatanishwa, Marko 9:44, Matendo 8:37, 1 Yohana 5:7, na mwishoni huwekwa onyo la Ufunuo 22:19 kwa yeyote atakayeondoa lolote katika kitabu hiki.

Orodha yenyewe ni ya kweli. Mistari hiyo imo katika King James, na katika NIV na ESV, tafsiri za Kiingereza cha leo, imetolewa ndani ya matini, mingi ikiwa imeshushwa chini ya ukurasa kama tanbihi. Kinachohitaji kupimwa ni neno "kuondoa". Kitu hakiondolewi mpaka kiwe kilikuwamo tangu mwanzo, na Agano Jipya halikuanzia Uingereza. Kabla ya mashine ya kuchapa, maneno ya mitume yalisafiri karne kumi na nne kwa mikono ya wanakili, wengine waangalifu, wengine wenye usingizi, wengine wenye ari ya kuliongezea andiko ufafanuzi. Kwa hiyo kila mstari wenye ugomvi unastahili kuulizwa swali lake peke yake: ni nani aliyebadilisha, aliyepunguza au aliyeongeza, na alifanya hivyo lini?

Tutenge kwanza tofauti ambazo hazihusiani kabisa na hati, yaani nakala hizo zilizoandikwa kwa mkono. Katika Matendo 12:4 King James inasema Herode alitaka kumtoa Petro baada ya sikukuu ya Wakristo ya ufufuo, ilhali Kigiriki kina neno la Pasaka ya Wayahudi, na hakuna hati inayosema vingine. Huo ni uamuzi wa watafsiri tu. Msomaji wa Kiswahili hawezi hata kuuona, kwa kuwa kwetu sikukuu zote mbili ni Pasaka. Mambo ya namna hii yanamalizwa na kamusi. Yale ya hati hayamalizwi hivyo.

Mwaka 1516, mjini Basel, mwanazuoni Mholanzi Desiderius Erasmus alitoa Agano Jipya la kwanza la Kigiriki kuingia sokoni likiwa limechapwa. Kazi ilifanywa kwa haraka, na hati zilizokuwa karibu naye zilikuwa chache na si za kale sana. Kwa kitabu cha Ufunuo alikuwa na hati moja tu, nayo ilikuwa imepoteza ukurasa wa mwisho. Mistari sita ya mwisho ya Biblia alijiandikia mwenyewe kwa Kigiriki, akiitafsiri kutoka Kilatini. Chapisho hilo liliendelea kurekebishwa na wengine baada yake, wakiwamo Robert Estienne na Théodore de Bèze, na baadaye likapewa jina la Kilatini la Textus Receptus, yaani matini iliyopokewa. Watafsiri wa King James walifanya kazi kutoka katika ukoo huo wa machapisho.

Katika mistari ile sita umo wa 19, wenye onyo lenyewe. King James inasema Mungu atamwondolea mtu huyo sehemu yake katika kitabu cha uzima. Hati za Kigiriki husema mti wa uzima. Kwa Kilatini "kitabu" na "mti" katika sentensi hiyo hukaribiana sana kwa herufi, mnakili mmoja wa Kilatini akavichanganya, na Erasmus akalihamishia kosa hilo katika Kigiriki. Waliokulia kwenye Union Version yetu ya mwaka 1952 wamesoma "mti wa uzima" siku zote bila kujua kwamba pana ugomvi. Nalitaja hili kwa sababu mstari huo ndio unaotumiwa kuwahukumu watafsiri wa leo, na katika King James wenyewe umebeba neno ambalo Yohana hakuliandika.

Kesi ya 1 Yohana 5:7 ni nzito zaidi. Maneno ya Baba, Neno na Roho Mtakatifu kushuhudia mbinguni, "na watatu hawa ni umoja", hayakuwemo katika chapisho la Erasmus la 1516 wala la 1519. Alipolaumiwa alijibu kwamba hakuyakuta katika Kigiriki. Aliyaingiza mwaka 1522, baada ya kujitokeza hati moja yenye maneno hayo, ambayo leo iko Trinity College, Dublin, na ambayo iliandikwa katika karne ile ile ya 16. Kati ya mamia ya hati za Kigiriki zenye waraka huu, maneno hayo yamo katika chache zisizofika hata kumi na mbili. Zote ni za nyakati za mwisho, au maneno yameandikwa pembeni na mkono wa baadaye. Chimbuko lake ni upande wa Kilatini.

Hoja inayonishawishi kuliko zote hapa haihusu hesabu ya hati. Katika karne ya 4 Athanasius, askofu wa Aleksandria, na wenzake walipambana miaka na miaka kuhusu uungu wa Mwana na wafuasi wa Arius, waliokana kwamba Mwana ni sawa na Baba. Walichambua kila andiko lililogusa jambo hilo. Wangekuwa na mstari unaosema wazi kwamba watatu hawa ni umoja, wangeusoma kila siku. Hakuna baba wa kanisa wa Kigiriki wa wakati ule aliyeutumia, na sababu inayoeleweka ni moja: haukuwamo katika vitabu vyao. Mwanasayansi Isaac Newton alimwandikia mwanafalsafa John Locke mwaka 1690 akieleza karibu haya haya. Wapo wanaoikataa hoja kwa kuwa Newton mwenyewe hakuukubali Utatu. Lakini hati haibadiliki kwa sababu ya imani ya anayeisoma.

Hapa wachambuzi wengi wa upande wa tafsiri mpya hufunga kesi na kuondoka. Naona wanaondoka mapema mno. Kumshinda Erasmus kwenye kurasa mbili ni rahisi, na hoja yenye nguvu ya upande wa pili haitegemei kurasa hizo.

Watetezi wa matini ya zamani si kundi moja. Wapo wanaoamini kwamba Kiingereza cha King James chenyewe hakina kosa. Hao sina la kuwajibu kwa hati, kwa kuwa hati si kipimo chao. Wapo wanaoshika Textus Receptus. Na wapo wanaosema tufuate matini iliyomo katika hati nyingi za Kigiriki, zile za mapokeo ya Bizantini, milki ya Kirumi ya mashariki. Hawa wa mwisho ndio wa kusikilizwa kwa makini. Machapisho yao ya Kigiriki hayana 1 Yohana 5:7 wala Matendo 8:37, kwa sababu hati nyingi hazina. Hawatetei kitabu cha 1611. Wanatetea kanuni.

Kanuni hiyo ilipata msemaji mkali mwaka 1883. Miaka miwili kabla, Waingereza walikuwa wametoa Agano Jipya lililorekebishwa, Revised Version, na katika mwaka huo huo wa 1881 Brooke Westcott na Fenton Hort wakatoa matini yao ya Kigiriki iliyozipa uzito mkubwa hati mbili za karne ya 4. Moja ni Codex Vaticanus ya maktaba ya Vatikani. Nyingine ni Codex Sinaiticus, ambayo mwanazuoni Mjerumani Constantin Tischendorf aliikuta katika monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya Mlima Sinai. Baadhi ya kurasa alizipata mwaka 1844 na sehemu kubwa aliiona mwaka 1859. John William Burgon, mkuu wa kanisa kuu la Chichester, aliwajia juu. Aliuliza kwa nini hati mbili zipewe nguvu ya kunyamazisha mamia, tena hati ambazo zenyewe hazipatani. Swali hilo lilikuwa la haki. Mwaka 1914 Herman Hoskier alihesabu zaidi ya mahali 3,000 katika Injili nne ambapo Sinaiticus na Vaticanus zinatofautiana, ingawa nyingi ni tofauti ndogo.

Kuna na suala la hali ya hewa. Hati za kale za mafunjo, karatasi zilizotengenezwa kwa matete, zimesalimika Misri kwa sababu mchanga wa Misri ni mkavu. Barua za Paulo hazikupelekwa Misri. Zilipelekwa Korintho, Filipi, Thesalonike, Kolosai, mahali palipozungumzwa Kigiriki, na ambapo unyevu uliviharibu vitabu vya kwanza. Anayesema hati za kale zaidi zote zinaunga mkono matini fupi, ile isiyo na mistari ya ugomvi, anasema pia, bila kukusudia, kwamba tumesikia ushahidi wa upande mmoja wa bahari. Na baadhi ya maneno ya Kibizantini ambayo wanazuoni wa karne ya 19 waliyaita ya baadaye yamekutwa katika mafunjo ya takriban mwaka 200. Hilo lilipaswa kumtia mtu unyenyekevu.

Pamoja na hayo, hoja ya wingi ina ufa ambao siwezi kuuziba. Upande wa magharibi kanisa lilihamia Kilatini. Misri ilihamia Kikopti na baadaye Kiarabu. Kigiriki kilibaki lugha ya kanisa katika milki ya Bizantini, na huko kikaendelea kunakiliwa mpaka karne ya 15. Bila shaka nakala nyingi zitatoka huko! Watu mia wakileta habari waliyoipata kwa mtu mmoja, bado ni habari ya mtu mmoja. Tena mwaka 1952 yalipatikana Misri mafunjo ambayo leo huitwa P66 na P75. Mafunjo ya P75, ambayo wengi huyaweka mwanzoni mwa karne ya 3, yanapatana kwa karibu sana na Vaticanus katika Luka na Yohana. Kwa hiyo dai la kwamba Vaticanus ilitengenezwa na wazushi wa karne ya 4 limepoteza miguu. Matini yake ilikuwa na umri mkubwa tayari. Mapokeo ya Bizantini, kwa umbo lake kamili, hayana shahidi wa zamani kiasi hicho.

Mimi nimeishia hapa: kwa jumla hati za kale zina haki zaidi, lakini haki hiyo inapatikana mstari kwa mstari, na iko mistari ambayo mtu mwaminifu anaweza kuegemea upande wa pili bila kuitwa mjinga. Mfungo ni mfano. Mathayo 17:21 yaelekea uliletwa kutoka Marko 9:29, maana wanakili walipenda kuzilinganisha Injili. Lakini hapo penyewe, kwenye Marko, maneno "na kufunga" hayamo katika Vaticanus wala katika mkono wa kwanza wa Sinaiticus, yaani kabla haijasahihishwa, ilhali yamo katika hati nyingine karibu zote. Je, watawa waliyaongeza kwa kupenda kufunga, au wanakili wachache waliyaruka? Jibu la kwanza naliona lina nguvu zaidi, na silishiki kwa uhakika ule ninaokuwa nao kwenye 1 Yohana. Kufunga hakuanguki kwa vyovyote. Mathayo 6:16 na Matendo 13:3 zimo katika hati zote.

Marko 9:44 na 9:46 ni jepesi. Maneno ya funza asiyekufa na moto usiozimika yako pia katika mstari wa 48, na hapo hakuna hati inayoyakosa. Anayesema tafsiri mpya zimefuta jehanamu hajasoma mistari minne mbele.

Sasa Marko 16, ambako moyo wa Mkristo wa Kipentekoste hauwezi kutulia. Sinaiticus na Vaticanus zinaishia mstari wa 8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini, "maana waliogopa." Mistari ya 9 hadi 20, yenye ahadi ya kutoa pepo, lugha mpya, kushika nyoka na kuweka mikono juu ya wagonjwa, haimo. Eusebius na Jerome, wanazuoni wa kanisa la kale waliozijua hati ambazo sisi hatuzioni tena, waliandika kwamba nakala za Kigiriki zilizoaminika katika siku zao hazikuwa nayo. Na ndani ya mistari yenyewe kuna mshono: Mariamu Magdalene anatambulishwa upya kama yule aliyetolewa pepo saba, ingawa alikwisha kutajwa mwanzoni mwa sura ile ile.

Upande wa pili haukosi neno. Irenaeus, askofu wa Lyon, karibu mwaka 180, anaunukuu mstari wa 19 na kusema ni wa mwisho wa Marko. Ni zaidi ya karne moja kabla ya Sinaiticus kuandikwa. Vaticanus imeacha safu nzima tupu baada ya mstari wa 8, jambo ambalo haifanyi kati ya vitabu vingine vya Agano Jipya, kana kwamba mnakili alijua kuna kitu asichokuwa nacho mbele yake. Na katika Sinaiticus, karatasi yenye mwisho wa Marko si ya kwanza. Iliondolewa na kuandikwa upya katika chumba kile kile cha kunakilia. Burgon aliandika kitabu kizima kuhusu mistari hii kumi na miwili, na anayekisoma leo atakuta kwamba alifanya kazi.

Hukumu yangu ni kwamba Marko hakuiandika, na kwamba kanisa lilikuwa nayo mapema sana. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja. Lakini yana matokeo mimbarani. Katika milima ya Appalachia, Marekani, yapo makanisa yaliyogeuza "watashika nyoka" kuwa ibada. George Went Hensley, aliyesaidia kuieneza, alikufa mwaka 1955 kwa kuumwa na nyoka. Kumwombea mgonjwa kuna msingi Yakobo 5, na kumwekea mikono kuna msingi Matendo 28. Kunywa kitu cha kufisha hakuna msingi mwingine popote, na mchungaji anayeujenga ujasiri wa watu juu ya mistari hii peke yake anapaswa kujua amesimama wapi kabla hajawasimamisha wengine.

Limebaki dai zito kuliko yote: kwamba tafsiri mpya zinapunguza uungu wa Kristo. Ushahidi unaoletwa ni 1 Timotheo 3:16. King James ina "Mungu alidhihirishwa katika mwili", hati za kale zaidi zina "yeye aliyedhihirishwa". Katika hati hizo jina la Mungu lilifupishwa kwa herufi mbili zenye mstari juu yake, theta na sigma. "Ambaye", neno linalotafsiriwa hapo "yeye aliye-", ni omikroni na sigma. Mstari wa katikati ya theta na ule wa juu ndiyo tofauti yote. Ni rahisi jicho kukosea, na kwa kuwa hati za kale zaidi zinakubaliana, "ambaye" ndilo lenye nguvu. Mpaka hapa mshutumu ana haki ya kusema neno "Mungu" halimo tena.

Lakini na afungue Yohana 1:18. King James ina "Mwana pekee". P66, P75, Sinaiticus na Vaticanus, hati zile zile zinazolaumiwa, zina "Mungu pekee". Union Version yetu inasema "Mungu Mwana pekee aliye katika kifua cha Baba". Hapo hati za kale zinamwita Kristo Mungu mahali ambapo King James haimwiti. Kama palikuwa na njama ya kumshusha Kristo, wapangaji wake waliuacha wazi mlango mkubwa kuliko wote, sura ya kwanza kabisa ya Yohana. Siuoni mpango hapo. Naona wanakili wakinakili, na makosa yao yakienda pande zote mbili.

Yote haya yana uzito wa pekee kwetu wa pwani na bara. Katika mihadhara ya dini ya Dar es Salaam na Mombasa, 1 Yohana 5:7 husomwa na mhadhiri wa Kiislamu kama uthibitisho kwamba Biblia imetiwa mkono, na Mkristo aliyefundishwa kwamba King James haiguswi hubaki hana la kusema. Angekuwa ameambiwa ukweli mapema angejibu bila hofu: ndiyo, maneno hayo yaliongezwa, na tunajua hivyo kwa sababu hati za kabla ya nyongeza zimetunzwa na kila mtu anaweza kuzitazama. Sinaiticus imewekwa yote kwenye intaneti tangu mwaka 2009, ukurasa kwa ukurasa, bila malipo.

Watafsiri wetu wa Union Version waliliona tatizo hili. Hawakuifuta mistari ile, wala hawakuiacha kama isiyo na doa. Waliizungushia mabano ya mraba. Mathayo 17:21 imo ndani ya mabano. Marko 9:44, Matendo 8:37, maneno ya mbinguni ya 1 Yohana 5, na hata "kwa kuwa ufalme ni wako" ya Sala ya Bwana, yote yamo ndani ya mabano. Nauheshimu uamuzi huo kuliko wa King James na kuliko wa NIV, kwa sababu unamwachia msomaji maneno pamoja na shaka yake. Ulichokosa ni maelezo. Vizazi vya waumini vimesoma mabano hayo kwa sauti ibadani bila mtu kuwaambia yana maana gani, na katika 1 Timotheo 3:16 "Mungu" limeachwa bila alama yoyote. Tanbihi ya maneno manne ingetosha kila mahali: "Hati za kale hazina."